Siku Kumi na Saba za Februari

— Abedi, tarehe kumi na mbili ya Februari, saa sita ya muchana, jua ilikuwa ngapi? À vous.

Phonie, redio ya kuongea na miji ya mbali, ilikoroma. Mama Godelieve, mwenye nayo, alizungusha kitufe polepole akitafuta sauti ya Lubumbashi. Nyuma yangu kulikuwa na benchi la watu wanaongoja zamu yao, na wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza. Phonie haina siri. Unapoongea na Lubumbashi, Likasi inasikia, Tenke inasikia, na madereva wote wa Mutshatsha wanasikia.

— Ni weye, Sikudhani? Shi nilikuambia Jumamosi niko natetea mémoire? Juu ya nini unaniuliza mambo ya Februari? À vous.

— Nijibu. Mémoire yako iko mu mikono yangu. Umeandika ile siku jua ilikuwa kali kupita masiku yote ya ile mwezi. À vous.

Phonie ilipiga miluzi. Halafu:

— Ile ni mambo ya hesabu. Tutaongea ukifika. À vous.

— Ile saa baba yangu alikuwa mu kaburi ya mama, maji mpaka mu magoti! Mvua ilinyesha tangu asubui! Uliona wapi jua?

Nilingoja jibu. Mzee mmoja wa benchi aliinama akaninong'oneza:

— Sema à vous, mama. Hawezi kukujibu.

— À vous!

— Sikudhani, batu banatusikia. Tafazali. Terminé.

Akakata. Mama Godelieve alipunguza sauti ya phonie, akanitazama kwa huruma.

— Huyu njo bwana mwenye alisema atakuoa?

Niliweka ile mémoire, kitabu chake cha kumaliza masomo, chini ya kwapa, nikatoka.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule moja ya Dilala, hapa Kolwezi. Abedi alikuja Oktoba ya mwaka themanini na tatu, msaidizi wa fizikia kutoka chuo kikuu, na sanduku la mbao mikononi. Ndani kulikuwa na chombo cha kupimia jua: kioo cha mviringo kama nusu ya yai, na waya ulioshuka hadi kwenye kisanduku chenye mshale. Alitaka kujua mwaka mzima jua la Kolwezi lina nguvu kiasi gani, ili siku moja zahanati za huku ndani ziweke friji za dawa zisizongoja umeme wala mafuta. Mkubwa wa shule alimpa paa. Na mimi, Abedi akanipa ngazi.

— Citoyenne, kila saa moja unasoma mushale, unaandika mu kaye. Kuanza saa kumi na mbili ya asubui mpaka saa kumi na mbili ya mangaribi. Utaweza?

— Na Siku ya Mungu?

— Na Siku ya Mungu. Jua haina congé, haina siku ya kupumuzika.

Nilicheka. Ndivyo ilivyoanza. Kwa miaka miwili nilipanda ile ngazi kila saa. Niliacha wanafunzi na mazoezi, nikapanda. Vumbi la migodi lilipokaa juu ya kioo nililipangusa kwa kitambaa cha kichwa changu. Kila mwisho wa mwezi nilinakili kaye nzima, nikatuma nakala Lubumbashi kwa lori la baba. Kaye zenyewe zilibaki kwangu. Abedi alikuja kila baada ya miezi mitatu, tukakaa pale juu na karanga zetu, naye akaniambia:

— Majina yetu mbili juu ya karatasi moja, Sikudhani. Nikimaliza ile, nakuja kuona baba yako.

Nilimwamini. Vijana wawili waliposa nyumbani, nikawakataa wote. Baba, tata Feruzi, mwenye malori ya kwenda Mutshatsha na Lubumbashi, alikuwa ananitazama tu na kutikisa kichwa.

Februari ya themanini na tano mama aliugua. Siku tano baadaye alifariki. Sikupanda ngazi siku kumi na saba. Kwenye kaye nilichora mstari, nikaandika: *Kilio. Sikupima.* Abedi hakuja msibani. Alituma barua ya pole na mfuko wa sukari, akasema ana kazi kwenye ordinateur, ile kompyuta kubwa ya kampuni fulani, na akikosa zamu yake atangoja mwezi mwingine. Nilimsamehe. Mtu unayempenda unamtafutia sababu hata asipoomba.

Sasa, mwaka mmoja baadaye, mémoire ilikuwa imechapwa. Lori la baba liliponiletea nakala, nilitafuta kwanza jina langu. Mwanzoni halikuwepo. Kwenye shukrani halikuwepo. Ukurasa wa tisa niliona maneno haya: "vipimo vilisomwa na mwangalizi wa mahali." Nikafungua majedwali. Zile siku kumi na saba zote zilikuwa na namba. Namba nzuri, nyororo, zisizojua kilio.

Ijumaa nilipanda lori pamoja na baba. Tulipita Tenke. Karibu na Likasi akaniuliza:

— Ile siku tulizika mama yako, huyu kijana ameandika nini?

— Ameandika jua.

Baba alibadilisha gia.

— Tulitoa maji mu kaburi na ndoo. Ndoo makumi ine. Mi nilihesabu, juu sikutaka kuwaza kitu ingine.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Abedi kwenye ukumbi wa nje wa chuo kikuu, ndani ya abacost mpya, ile suti isiyo na tai. Aliponiona alinivuta pembeni.

— Sikiliza. Ordinateur inakatala nafasi ya bure. Ukiacha matupu, programu inasimama. Ilibidi niweke kitu.

— Mashine inakatala. Na weye?

— Ni masiku kumi na saba mu miaka mbili! Nilichukua moyenne, ile wastani ya masiku ingine. Kila mutu anafanya vile.

— Moyenne haiwezi kuwa kali kupita masiku yote, Abedi. Mi nafundisha hesabu.

Alitazama chini.

— Niliongeza kidogo. Ili courbe, ile mustari ya grafu, ikuwe muzuri.

— Na jina yangu?

— Ningeweka jina yako, bangekuita. Bangekuuliza Februari. Nilikuwa nakulinda.

— Unanilinda na nini? Mi sikusema bongo, sikudanganya mutu.

Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi.

— Nikipita leo, bourse ya kusoma Bulaya ni yangu. Mwezi wa tisa tunaenda sisi wawili, tumekwisha kuoana. Ukisema neno moja, yote inakufa. Nakuomba, Sikudhani. Nyamaza paka saa moja tu.

— Mi sitasema kitu kama hawaniulize. Lakini weye wakikuuliza, sema kweli. Njo kitu moja nakuomba tangu tujuane.

Walimwita. Aliniachia mikono, akaingia.

Ndani, Abedi na jury, maprofesa waliomhoji, walizungumza Kifaransa. Mimi nawasimulia kwa Kiswahili. Abedi alieleza vizuri. Alichora, alifuta, alijibu. Kuna wakati nilisahau hasira nikamsikiliza kwa fahari, maana namba zile nilizijua moja moja. Halafu profesa Kanku, mama mmoja mnene mwenye miwani, akafungua majedwali.

— Citoyen Abedi, mimi nilikuwa Kolwezi Februari ile. Barabara zilikatika kwa mvua. Namba zako zinasema jua. Kaye za asili ziko wapi?

Abedi alitazama jury. Halafu akanitazama mimi. Kaye ya Februari ilikuwa juu ya magoti yangu, na aliiona. Nilimwinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayemtia moyo mtoto anayejifunza kutembea. Sema. Sema tu.

— Kaye zilipotea njiani, profesa. Kwenye lori.

Kwenye lori. Lori la baba yangu, ambalo kwa miaka miwili halijapoteza karatasi yake hata moja. Nilimsikia baba akivuta pumzi pembeni yangu.

Nilisimama. Nilitembea hadi meza ya jury, nikaweka kaye mbele ya profesa Kanku.

— Haikupotea. Ni yangu. Mimi ndiye nilipima.

Alifungua. Alisoma mstari wangu kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

— Nani alikufa, citoyenne?

— Mama yangu.

Walitutoa nje. Walipoturudisha walisoma uamuzi: mémoire imekataliwa, mtafiti anaruhusiwa kurudi mara moja tu. Bourse ilikwenda kwa mwingine siku ileile.

Abedi alinifuata hadi kwenye ngazi za nje.

— Umeniua, Sikudhani.

— Nilikuomba kitu moja.

— Ungenipenda, ungenyamaza!

— Na weye ungenipenda, ungekuja ku kilio! Hukukuja kuona mama anazikwa, kisha unaandika jua juu yake! Na lori ya baba? Baba yangu alikuwa anakaa pale, Abedi. Ulimufanya mwivi wa makaye mbele ya batu.

Baba alikuwa ameshawasha lori.

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Dilala nzima ilijua. Sokoni wanawake walininyooshea midomo: "Huyu njo mwenye aliua diplome ya bwana yake." Walimu wenzangu walinyamaza nilipoingia. Usiku mwingine nilijiuliza kama wanasema kweli. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa bado nampenda, na sikuwa na mahali pa kuweka mapenzi hayo. Ukimchukia mtu unapumzika. Mimi sikupumzika.

Barua yake ya kwanza ilikuja Juni. Ilikuwa na lawama ukurasa mzima. Niliichana. Ya pili, Julai, ilikuwa fupi: "Nimeanza upya. Programu nimeiandika tena. Sasa inakubali nafasi ya bure. Ilichukua majuma matatu. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo." Hiyo sikuichana, lakini sikuijibu.

Mwisho wa Agosti, vumbi likiwa kila mahali, alishuka kwenye treni na kuja kwetu kwa miguu. Alikuwa amekonda. Baba alikuwa barazani. Abedi hakunisalimu kwanza. Alimwendea baba, akapiga goti.

— Tata Feruzi, nilisema makaye ilipotea mu lori yako. Ilikuwa bongo. Nimekuja kuomba musamaha ya ile kwanza.

— Na ingine?

— Ingine, sikukuja ku kilio. Kama unakubali, unipeleke ku kaburi ya mama.

Baba alichukua kofia yake, wakatoka. Walikaa huko muda mrefu. Waliporudi, suruali ya Abedi ilikuwa na udongo magotini, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpa maji.

— Alikuwa mama wa namna gani? aliniuliza.

Kwa miaka mitatu hakuwahi kuniuliza hilo. Nilianza kumjibu, kisha nikashindwa, nikalia. Hakunigusa, hakuniambia ninyamaze. Alingoja.

Baadaye alitoa karatasi mfukoni. Ukurasa wa kwanza wa mémoire mpya. Chini ya jina lake iliandikwa: *Vipimo: Sikudhani Feruzi, mwalimu wa hesabu, Kolwezi.*

— Sikukuletea ili unirudilie, alisema. Nimekuletea juu ni kweli yako.

— Bulaya?

— Bulaya imeenda.

— Unanikasirikia?

— Nilikukasirikia mpaka mwezi wa saba. Kisha nikaona niko nakasirikia mutu mwenye alinipatia miaka mbili, ye alinikatalia paka masiku kumi na saba tu.

— Mi bado nina kasirani, Abedi. Haitaisha leo.

— Isiishe. Nitakuja tena.

Alikuja tena. Kila mwisho wa mwezi, kwa treni inayochelewa saa sita au siku nzima. Mara nyingine tuligombana tangu anashuka hadi anapanda. Mara moja nilimfukuza. Alirudi.

Novemba alitetea kwa mara ya pili. Safari hii nilikaa mstari wa mbele. Profesa Kanku akafungua Februari, akakuta jedwali tupu.

— Citoyen, hapa mbona hakuna kitu?

— Mpimaji alikuwa anamzika mama yake, profesa. Namba za siku hizo sina.

— Huogopi tutakuondolea alama?

— Ondoeni.

Waliondoa. Alipita, si kwa alama kubwa. Hakuna bourse iliyotajwa. Nje ya ukumbi, kelele za wenzake zilipopungua, alinijia.

— Wananipa kazi ya kufundisha fizikia ku Tenke. Mushahara ni kidogo. Nyumba ni chumba mbili. Naweza kwenda kuongea na baba yako?

— Baba? Miaka yote hii unataka kuongea na baba. Mi unaniulizaka lini?

Alisimama palepale, mémoire mkononi, watu wakipita.

— Sikudhani binti Feruzi, utakubali kuolewa na mi?

— Utasema kweli kama ni mubaya?

— Nitasema.

— Hata kama inakuharibia?

— Shi umekwisha kuniona?

— Basi, ninakubali. Sasa enda kwa baba. Na ujue atakuangaisha.

Baba alimhangaisha majuma matatu. Desemba, Ijumaa baada ya sala, tulifunga ndoa kwetu Kolwezi. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, biryani ililiwa chini ya turubai la lori, na Abedi, akiwa ameloa hadi mfupa, alikuwa anacheka na baba yangu.