Karatasi ya Pili ya Nanzala

Ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya mwaka kuisha. Nanzala alikuwa akifua nguo nje ya nyumba yao mtaani Kimumu. Alifua kwa hasira. Kila shati la mumewe alilipiga kwenye beseni kana kwamba limemkosea.

Asubuhi hiyo shangazi yake Rosebella, yaani Senge kwa lugha ya kwao, alikuwa amempigia simu kutoka Turbo.

"Ile mashine ya kufuma sweta niliyokupa, umefuma ngapi?"

Nanzala alimuuliza habari za Turbo.

"Basi nakuja Pasaka. Nikikuta bado imelala, naibeba nimpe binamu yako Linah. Yeye halali."

Miaka miwili mashine ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa gunia. Na Nanzala hakuwa na tumaini lingine la kuwa na kazi yake mwenyewe.

Mumewe, Mabonga, alitoka ndani akipiga miayo.

"Mama Linet, kwani mashati yangu yamekufanya nini?"

"Wacha mashati. Mwaka jana kwenye kesha uliandika lengo gani?"

"Kesha gani?"

"La mwaka mpya! Si tuliandika malengo tukatia kwenye kikapu cha kanisa?"

Mabonga alikuna kichwa. "Niliandika... kuinuliwa."

"Kuinuliwa wapi? Juu ya paa?"

"Haya, na wewe uliandika nini?"

Nanzala alivuta shati lingine. Hakukumbuka. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Kila mwaka waliandika, pasta akaziombea zile karatasi, kisha zikachomwa. Wao wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kufika Februari, hakuna aliyejua alichoahidi.

Jirani yao, Mama Kuria, alikuwa kwenye mlango wake akikata sukuma wiki. Alicheka. Mama huyu alikuwa amefundisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, kwa miaka mingi.

"Nimewasikia, mnisamehe," alisema. "Kuombea malengo ni kuzuri. Lakini Mungu hasahau. Anayesahau ni wewe. Mbona unampa karatasi yule asiyesahau, na wewe unabaki bila?"

"Mama, mimi nimechoka na malengo," Nanzala alisema. "Kila mwaka ni wimbo uleule. Hata mashine ya kufuma ya Senge bado iko chini ya kitanda."

"Basi usianze na mwaka ujao. Anza na huu unaoisha. Mashine haikufanya kazi. Kwa nini?"

"Sikuwa na wakati."

"Jaribu tena."

"Uzi unauzwa mbali."

"Hapo mjini tu? Jaribu tena, mama."

Nanzala alikamua shati mpaka likakosa maji. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa. Siku ya kwanza uzi ulikatika, sindano ikapinda. Nikaona aibu, nikaifunika."

"Sasa tumefika," alisema Mama Kuria. "Usipojua kilichokuangusha, utaanguka palepale. Haya, mwaka ujao unataka nini?"

"Kuwa fundi mkubwa."

"Hilo halina hesabu wala siku. Utajuaje umefika?"

Nanzala alifikiri. "Sweta moja ya mtoto. Kufikia mwisho wa Februari."

"Hapo sawa. Utafuma siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi, Linet akiwa shule."

"Na sindano, nani atakuonyesha?"

"Kuna Perez, fundi wa sweta sokoni. Lakini kumuuliza mtu kitu kidogo hivyo..."

"Aibu ya kuuliza huisha ukiwa njiani kurudi nyumbani. Sasa andika karatasi mbili. Moja peleka kanisani. Ya pili bandika ukutani. Na wewe, Baba Linet, kila Ijumaa umuulize: umefuma?"

Nanzala alifanya hivyo, kisha akaipeleka mashine sokoni. Perez aliitazama mashine mara moja tu. "Ai, dada! Umekaza uzi mno. Ulegeze hapa." Miaka miwili ilikuwa imepotea kwa kitu cha kulegeza kwa vidole viwili. Nanzala alitaka kulia, akacheka.

Mabonga naye aliuliza kila Ijumaa, hata kabla hajaonja chai. "Umefuma?" Kuna Ijumaa Nanzala alitamani kumrushia kikombe.

Kisha Linet akaugua kifua. Wiki tatu mashine haikuguswa, na Februari ikaisha. Nanzala alienda ukutani achane karatasi.

"Usichane," alisema Mama Kuria, aliyekuwa amekuja kumjulia mtoto hali. "Mtoto alikuwa mgonjwa, hukuwa mvivu. Badilisha tarehe."

Nanzala alifuta Februari, akaandika Machi.

Pasaka ilipofika, Senge Rosebella alikuja na kamba ya kufungia mzigo. Alikuta mashine iko mezani, ina mkono wa sweta nusu. Kando yake palikuwa na sweta nzima ya kijani. Senge aliivuta, akaigeuza nje ndani.

"Mkono huu ni mrefu kuliko huu."

"Najua, Senge."

"Na shingo imebana. Mtoto gani ana kichwa kama cha kuku?"

"Najua, Senge."

Senge alisonya. Akatupa kamba chini, akavuta kiti.

"Sogea huko! Nani alikufundisha shingo, adui yako? Lete uzi nikuonyeshe."

Jioni alirudi Turbo bila mzigo. Nanzala alichukua kalamu, akaandika lengo jipya: shingo tano zisizobana, kufikia mwisho wa Juni.