Kobe Anatema Sidii

Huyu ni Sekela. Ana miaka mitano, na pengo moja mbele.

Na huyu ni Kobe. Kobe ni kompyuta ya zamani. Ni mnene, ni mzito, na akianza kuwaka, chai inapoa ukimsubiri.

Kichwani Kobe amevaa kitambaa cha maua ya pinki. Bibi ndiye aliyekifuma. Kinashuka, kinashuka, mpaka mdomoni.

Ndani ya Kobe, Sekela huchora. Huchora jua. Huchora kuku. Huchora Bibi mwenye miguu mitatu.

"Huu wa tatu wa nini?" aliuliza Bibi.

"Wa akiba," alisema Sekela.

Lakini leo Kobe anaumwa. Anawaka, anazima. Anawaka, anazima.

Mama akasema harakaharaka, kama kawaida yake, "Leo namwekea mfumo mpya, mfumo wenyewe umo kwenye sidii hii, akiisoma tu anapona, asipoisoma, basi tena, anakwenda na mzee wa chuma chakavu!"

Sekela akaacha kutafuna mkate. Kobe? Aende kwenye mkokoteni?

Huko mbali barabarani kukasikika: Ngo! Ngo! Ngo! "Chuma chakavuuu!"

Mama akabonyeza kitufe. Kobe akafungua mdomo. Mama akamwekea sidii, inang'aa hiyo!

Kru, kru, kru... tak! Kobe akaitema.

"Labda ni chafu," akasema Mama. Akaifuta kwa kanga. Akaipuliza, fuuu.

Kru, kru, kru... tak! Kobe akaitema.

"Labda haipendi," akasema Sekela. "Tumpe nyingine. Tumpe ya kwaya ya Bibi."

"Mpeni," akasema Bibi, huku anafuma. "Kwaya hiyo haijawahi kukataliwa."

Kru, kru, kru... tak!

"Hee!" akasema Bibi. "Hata kwaya?"

Mama akashika kiuno. "Sidii ya kwanza, katema. Sidii ya pili, katema. Basi sidii haziumwi."

"Nani anaumwa?" akauliza Sekela.

"Mdomo! Mdomo wa Kobe ndio unaoumwa!"

Ngo! Ngo! Ngo! "Chuma chakavuuu!" Sasa ni hapo kwenye kona.

Mama akachomoa waya ukutani. "Usiguse, usiguse, usiguse, kuna umeme!"

"Mama, umeshachomoa."

"Najua. Usiguse!"

Sekela hakugusa. Alikwenda kuchukua tochi. Akamulika mdomoni mwa Kobe, kama daktari wa meno.

"Mama, Kobe ana kitu kwenye meno. Cha pinki."

"Pinki?" Mama akachungulia. "Uzi!"

Mama akavuta. Vuta, vuta, vuta. Uzi ukatoka, mrefu kama tambi.

Sekela akautazama uzi. Akakitazama kitambaa. Juu, maua. Katikati, maua. Chini, karibu na mdomo... shimo!

"Bibi! Kobe amekula ua lako!"

Bibi akavua miwani. Akavaa tena miwani.

"Mbuzi huyu!" akasema Bibi. Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mimi namfunika asipate vumbi, kumbe namlisha!"

Mama naye akacheka. Halafu akageuka. Mlangoni kulikuwa na mtu.

"Hodi! Mama Sekela, kile chuma changu kiko tayari?"

"Subiri, mzee wangu, subiri kidogo tu, kidogo!" Mama akakunja kitambaa. Akachomeka waya. Akaweka sidii.

Kru, kru, kru...

Sekela akafumba macho. Akasubiri *tak*.

Tak haikuja.

Zzzzzz, akasema Kobe. Zzzzzzzz.

"Anasoma!" akapiga kelele Mama. "Anasoma, anasoma, anasoma!"

Sekela akakimbilia mlangoni. "Hapa hakuna chuma! Kuna Kobe tu!"

"Lo!" akasema mzee. "Nirudi mikono mitupu?"

Bibi akampa sufuria iliyotoboka. Mzee akaenda zake. Ngo! Ngo! Ngo!

Kwenye kioo cha Kobe, mstari mdogo wa kijani ukaanza kutembea. Polepole. Polepole sana. Chai ikapoa. Wali ukaiva. Sekela akaoga.

Tiii-ra-ra-riii! Kobe amepona!

Sekela akachora picha moja tu kabla ya kulala. Kobe, na ua la pinki mdomoni.

Bibi alikuwa ameshafuma ua jipya. Sekela akamvisha Kobe kitambaa, kwa uangalifu.

"Kichwa, sawa. Mdomo, hapana."

Kisha Mama akamfunika Sekela blanketi. Miguu. Tumbo. Mabega.

"Mdomo, hapana," akasema Sekela, huku akipiga miayo.

"Mdomo, hapana," akasema Mama, polepole, safari hii polepole kabisa.

Akazima taa.

Tak.