Mzunguko wa Mama Mkwe

Banda la msusi halikujua ukimya. Asubuhi hiyo wanawake watano walikuwa wamebanana kwenye benchi moja, na habari ya mjini ilikuwa moja tu: matembezi ya hisani ya kuichangia zahanati.

Zahanati yao haikuwa na kiti cha magurudumu. Mama mkwe wa msusi alipoanguka bafuni mwaka jana, alifikishwa huko mgongoni mwa mwanawe.

"Nilibebwa kama gunia la mkaa," bibi alisema kutoka pembeni. "Siku hiyo nitatembea. Tena mbele."

Benchi zima likacheka. Shemeji yake msusi, waliyembandika jina la Mwendokasi, alishapanga njia: kilomita kumi hadi uwanja wa mpira.

"Mama, wewe utatupungia mkono hapa mlangoni," msusi alisema kwa upole.

Bibi akageukia ukuta. Msusi akahisi kama amemchoma sindano.

Mara akaingia msoma mita za maji, mtu anayejua kila bomba na kila mbwa wa mtaa ule.

"Hiyo njia mmeitembea?" aliuliza.

"Tumeipita kwa pikipiki," Mwendokasi alijibu.

"Pikipiki haina magoti, bwana. Ukishapita karakana hakuna bomba, hakuna choo, hakuna kivuli. Na watu wakifika uwanjani, watarudije?"

Kitana kikasimama kichwani mwa mteja.

"Fanyeni mzunguko mfupi, unaorudi hapahapa," akaendelea. "Kila mtu azunguke anavyoweza. Wachangiaji waahidi fedha kwa kila mzunguko. Polisi waarifiwe mapema. Lakini kwanza ijaribuni njia, saa ileile ya matembezi, pamoja na mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Atakapochoka yeye, hapo ndipo pa maji na kiti."

"Huyo wa polepole tutamtoa wapi?" Mwendokasi aliuliza.

Mkongojo ukagonga sakafu. Ko, ko.

Kesho yake asubuhi wakatoka. Bibi alichoka kwa kinyozi. Msusi akaweka alama ya chaki. Akachoka tena kwa fundi viatu, alama nyingine. Mtaro ulio wazi ukamzuia. Wakaandika: ubao hapa.

"Shemeji, nimesinzia huku natembea," Mwendokasi alinong'ona.

"Sinzia tu, ila maji usiyaangushe."

Dakika arobaini baadaye walikuwa mlangoni pa banda. Bibi alikuwa anatweta, lakini macho yalimng'aa.

Siku yenyewe mtaa ulifurika. Wateja walitoka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimetimka. Mwendokasi alizunguka mara kumi na mbili. Wajawazito walipumzika kwa kinyozi, wazee kwa fundi viatu, na hakuna aliyezimia wala kuachwa njiani. Bibi alitangulia mbele, kama alivyosema. Wote wakampita, kisha wakampita tena. Alipomaliza mzunguko wake mmoja, vigelegele vilisikika hadi zahanati.

Wiki tatu baadaye kiti kikafika, bado kimefungwa nailoni. Muuguzi akakivuta hadi mbele ya bibi.

"Karibu, mama. Wewe ndiye wa kukifungua."

Bibi akakikagua magurudumu, akakisukuma mbele, akakirudisha nyuma.

"Kizuri," alisema. "Mpeni mgonjwa."

Kisha akamshika msusi mkono. "Twende, mwanangu. Leo nataka kujaribu mzunguko wa pili."