Mlango Uliolazwa

Chai ilitikisika ndani ya vikombe, na hakuna aliyeigusa meza.

Barke binti Nassor aliona. Mdogo wake, Zuwena, hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa analia. Alikuwa ametoka Peckham mpaka Tottenham, ng'ambo ya pili ya Landani, basi moja baada ya jingine, na chini ya koti lake kulikuwa na kanga ya kulalia. Hakupata nafasi ya kuvaa.

"Da Barke, mie kwa Hafidh sirudi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje basi? Nikuoneshe tena mgongo?"

"Nimeuona." Barke aliisogeza sahani ya vitumbua ambavyo hakuna aliyevila. "Hafidh ni mtoto wa ami yetu, Zuwena. Baba anakaa nyumba ya nani, si ya ami huyo huyo? Ukiondoka wewe, kesho kitanda cha mzee kitatolewa barazani. Nimezungumza naye. Amesema urudi, umtake radhi mumeo, mambo yaishe."

"Baba yuko Unguja, we uko hapa. Mie nakuuliza wewe."

"Stahimili kidogo tu, mdogo wangu."

"Stahimili, stahimili! Kama unaniandikia dawa ya kikohozi." Zuwena alicheka huku anafuta kamasi, kisha kifua kikambana, akawa anavuta pumzi kwa mluzi. Barke aliinuka upesi, akatoa kwenye droo ya jikoni dawa ya pumu ya kuvuta. Alikuwa nesi katika nyumba ya wazee, na dawa ile aliiweka kwa ajili ya mdogo wake peke yake. Zuwena alivuta, akatulia. Barke akairudisha drooni, akamsindikiza kituoni.

Aliporudi, vikombe vilikuwa bado mezani. Akaketi. Ndipo aliposikia mezani penyewe, juu ya mbao, kiganja kikigonga taratibu. Na chini ya mbao, karibu na magoti yake, chuma kikakwaruza.

Meza ile ilikuwa mlango. Aliinunua baada ya kufiwa na mumewe, katika duka la samani kuukuu la Jaspal Singh, kwa sababu ule mchongo wa maua na misumari ya shaba ulimkumbusha milango ya kwao Unguja. Jaspal alimwambia kwamba ulitoka Uchina. Fundi aliulaza, akaupigilia miguu minne. Upande wa nje, wenye nakshi, ndio uliotazama juu. Upande wa ndani ulitazama sakafu, na komeo lake la chuma liliachwa pale pale, limeshika kutu.

Tangu jioni ile aliyokuja Zuwena haikupita magharibi bila kiganja kugonga juu na komeo kukwaruza chini. Komeo lilitingishwa kama mtu anayetaka kulivuta na mkono haumtii. Halafu ilikuja harufu ya udongo uliolowa na udi usio wa kwao. Halafu sauti ya mwanamke, akibembeleza kwa lugha ambayo Barke hakuijua. Neno moja alilirudia sana, na kwa lilivyorudiwa Barke alilielewa bila kufasiriwa, maana Zuwena naye humwita dada kwa sauti hiyo hiyo akiwa na shida.

Alikwenda kwa Jaspal.

"Mama, mimi sikuficha," alisema Jaspal, mzaliwa wa Kisumu, akishusha miwani yake. "Wewe hukuuliza. Mtu akinunua meza, mimi naanza kumpa habari za matanga?"

"Nakuuliza sasa, Bwana Singh."

Jaspal alivuta kiti, akapunguza sauti ingawa dukani hamkuwa na mtu. Mlango ule, alisema, ulikuwa wa nyumba ya mfanyabiashara wa chai wa ukoo wa Wang, huko Huizhou, katika enzi za wafalme wa Qing. Mzee Wang alikuwa na mabinti wawili, mama yao amekufa. Mkubwa, Suzhen, alishika funguo za nyumba. Mdogo, Suqin, aliolewa katika ukoo uliokuwa mkubwa kuliko wao, na huko mama mkwe alimtesa, mume akatazama. Usiku mmoja wa mvua Suqin alitoroka. Alitembea kwa miguu iliyofungwa vitambaa tangu utotoni ili isikue, kama ilivyokuwa desturi ya huko, midogo kama ya mtoto, mpaka nyumbani kwa baba yake, akagonga.

"Suzhen alikuwa nyuma ya mlango, mkono uko juu ya komeo," alisema Jaspal. "Baba akasema, ukifungua, ukoo ule utakuwa adui yetu, na sisi tumekwisha. Yeye mtoto mwenye adabu. Hakufungua."

"Kisha?"

"Asubuhi walimkuta kizingitini. Mkubwa hakuolewa mpaka kufa. Kila jioni alikaa nyuma ya mlango. Lete hiyo meza, mama, nakurudishia pesa yako."

Barke alisema atafikiri. Njiani hakufikiri kitu ila kwamba Zuwena hajapiga simu.

Bi Shekha, mganga mzaliwa wa Moroni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, alikuja na chetezo cha ubani. Aliinama akatazama chini ya meza kwa muda mrefu.

"Wamo wawili," alinong'ona. "Mmoja nje, mmoja ndani. Wa nje anagonga, na wa ndani anataka kufungua."

"Wanataka nini kwangu?"

"Sijui bado. Ijumaa nitakuja na wenzangu tuwatoe. Mpaka hapo, sikiliza vizuri, mwanangu. Ukisikia hodi na magharibi imeingia, usiitike. Ukiitwa kwa jina lako, usiitike. Hata ikiwa ni sauti unayoijua. Hawa hujifunza sauti."

Mtoto yeyote wa pwani amekatazwa kuitikia sauti ambayo mwenyewe haonekani. Barke hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu adhuhuri, na kama ilivyo Landani mwezi wa Desemba, giza liliingia kabla watoto wa shule hawajafika makwao. Barke alikuwa juu ya mswala, mgongo wake umeelekea meza, aliposikia kiganja.

"Hodi."

Safari hii sauti haikubembeleza kwa Kichina.

"Hodi, Da Barke. Ni mie. Nifungulie."

Alianza Ayatul Kursiyu, akaikosea, akaianza tena, na chini ya meza komeo likaanza kutingishika kwa nguvu asizopata kuzisikia, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumba, na mwanamke wa ndani, yule ambaye siku zote alikuwa kimya, akaanza kulia kilio cha mtu aliyezibwa mdomo, huku kile chuma chenye kutu ya miaka na miaka kikisogea, kidogo, tena kidogo, kikitoka katika tundu lake, mpaka Barke akajitupa sakafuni, akaingia chini ya meza kwa magoti, akalishika komeo kwa viganja vyote viwili na kulisukuma lirudi, na akahisi juu ya mikono yake mikono mingine, baridi, myembamba, ikivuta upande wa pili, ikimsihi, na yeye akasukuma, akasukuma huku anasoma, na sauti ikaita hodi ya tatu, ndogo, yenye mluzi ndani yake, na yeye akasukuma mpaka komeo likaingia.

Kimya. Ile mikono ikaachia.

Kisha akasikia miguu ikishuka ngazi za ghorofa. Kandambili zilizolowa, taratibu, ngazi kwa ngazi. Hivyo ndivyo mama yao alivyowalea: hodi ni tatu, usipojibiwa, rudi ulikotoka.

Barke alibaki chini ya meza. Ni pale tu, mapigo ya moyo yalipopungua, ndipo alipojiuliza tangu lini jini likavaa kandambili. Na ule mluzi. Alitoka mbio mpaka ngazini, mpaka barabarani, kichwa wazi, anaita. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya magari. Mlangoni pake, juu ya zulia, palikuwa na maji.

Polisi walikuja asubuhi. Zuwena Nassor Khalfan alikutwa ameketi katika kituo cha basi cha barabara ya Seven Sisters, yaani Dada Saba. Kifua kilimbana. Hakuwa na simu, Hafidh alikuwa amemnyang'anya, wala hakuwa na dawa. Dawa ilikuwa kwenye droo ya jikoni, hatua chache kutoka mlango aliougonga.

Ijumaa Bi Shekha alikuja kama alivyoahidi, akakuta msiba. Hata hivyo aliinama chini ya meza. Komeo lilikuwa limekaa kimya katika tundu lake.

"Hamna mtu," alisema. "Wote wameondoka."

"Umewatoa?"

"Sijamtoa mtu." Aliketi sakafuni, akamshika Barke mkono. "Nilikosea, mwanangu. Yule wa ndani hakuja kwa ubaya."

Baba alipiga simu kutoka Unguja, akalia, akasema mapenzi ya Mungu. "Ami yako amekuja kunipa pole," aliongeza. "Tumekaa naye vizuri sana. Hana kinyongo."

"Na kitanda chako, baba?"

"Kipo pale pale. Kwa nini?"

Barke alikata simu.

Jaspal alitaka kuichukua meza, Barke akakataa. Alilivuta komeo kwa mkono wake mwenyewe. Lilitoka kwa urahisi, kama lililotiwa mafuta. Na kila magharibi anaufungua mlango wa nyumba, anauacha wazi kabisa, baridi inaingia, majirani wanalalamika. Anasimama kizingitini, dawa mkononi, na neno la karibu liko tayari mdomoni.

Lakini hodi haipigwi tena. Kinachosikika ni kandambili zilizolowa, zikianzia pale pale miguuni pake, zikishuka taratibu, ngazi kwa ngazi.