Shuka la Sinema

Haya yalimkuta Pelagia, rafiki yangu wa mtaa wa Ng'ambo, mwaka ule wanaume waliporudi kutoka vita vya Burma na mumewe Raymundi hakurudi.

Pelagia alikuwa akimfulia Badrudin, mwenye ukumbi wa sinema, shuka la kuonyeshea picha. Jumamosi alikaa ukumbini na wenzake, wakamtazama askari wa kwenye picha akimuaga mchumba wake kabla ya kwenda kufa vitani. Ukumbi mzima ulilia. Yeye alitazama tu. Tangu barua ya serikali ifike hakuwa ametoa chozi, hata kwenye matanga.

Jumatatu adhuhuri alirudisha shuka alilolifua, yeye na Badrudin wakalipigilia misumari ukutani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, mwanga ukiingia mlangoni tu.

"Mbona hapa pabichi, mama?" Badrudin akauliza.

"Nimelipiga pasi lote, bwana. Lilikuwa kavu."

Ni pale pale uso wa yule askari ulipokuwa alipomwinamia mchumba wake. Badrudin akaenda kuswali, akafunga mlango vumbi lisiingie, akisahau kuwa Pelagia bado yumo ndani ananyoosha pembe.

Gizani akasikia mtu anapumua. Pumzi ilikuwa na mluzi mwembamba, kama ya Raymundi, aliyevunjika pua utotoni. Pelagia hakuogopa, wala hakufurahi. Akapapasa mpaka penye ubichi, akaweka kiganja.

Nyuma ya shuka hapakuwa na kitu ila ukuta wa mawe. Lakini kitambaa kilivutwa ndani, kikasukumwa nje, kikavutwa tena, na kila kiliposukumwa kiganja chake kilipata joto.