Mvinyo wa Mnyonga Mbwa

Zama zile Wareno walipokuwa wakipanda Mto Zambezi kutafuta dhahabu, jemadari wao mmoja, Dom Baltazari Mourão, alinaswa pamoja na askari wake katika bonde la Mfalme Chivere. Mashujaa wa mfalme walikuwa wameziba kila njia, na baruti ya Wareno ilikuwa imelowa mvua. Hapakuwa na la kufanya ila kuomba amani kwa zawadi, na zawadi pekee iliyosalia ilikuwa mapipa mawili ya mvinyo.

Msemaji wao alikuwa Mwinyikombo, mkalimani wa Sofala. Mvinyo hakuugusa, kwa dini yake. Kazi yake ilikuwa maneno tu. Maneno yenyewe ndiyo yaliyomponza.

"Mwambie mfalme," alisema jemadari, akitota jasho ndani ya joho lake la mahameli, "mvinyo huu ni wa zabibu ambazo hata kwetu wengi hawazijui. Hii ni Rabo de Ovelha. Na hii, Esgana Cão."

Mwinyikombo aliyajua majina hayo. La kwanza maana yake mkia wa kondoo. La pili, mnyonga mbwa. Akaitazama mikuki, akainama.

"Ewe mfalme, huu waitwa Ushungi wa Malkia. Na huu, Asali ya Alfajiri."

Mfalme hakunywa kitu kabla ya shangazi yake, Bibi Mavhunga, aliyepika pombe ya ikulu. Bibi akaonja wa kwanza, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akaonja wa pili. Jicho moja likajifumba, mashavu yakaingia ndani, akakohoa hadi bangili zake za shaba zikalia.

"Sumu!" akanguruma mfalme. Mikuki ikainuka.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bibi. "Wewe mkalimani, hii ndiyo asali? Ya nyuki gani hao?"

Mwinyikombo akapiga magoti. "Niwie radhi, Bibi. Nimeongopa. Jina lake hasa ni Mnyonga Mbwa."

"Na ule mwingine?"

"Mkia wa Kondoo."

Bibi akaonja tena, polepole, akiusukuma mvinyo shavu hili na lile.

"Naam. Ule wanukia zizi kidogo. Na huu ungemnyonga mbwa kweli! Watu wanaokipa kinywaji chao majina ya wazi hivi si wachawi wa kutia sumu." Akaangua kicheko, na mikuki ikashuka.

"Amesema nini?" jemadari akanong'ona.

"Ameyasifu majina, bwana."

Mfalme akatoa hukumu: bunduki zibaki, mapipa yabaki, wageni waende zao. "Ila kwanza jemadari wao naye aonje pombe yetu."

Akaletewa kibuyu cha pombe ya mtama. Jemadari akakizungusha, akanusa kwa madaha, akatangaza kwamba yanukia mkate wa moto. Akanywa. Akaomba tena, na tena. Aliposimama kuaga, miguu ikamkatalia.

Huko Sofala alisimulia miaka mingi jinsi alivyotoka bondeni kwa Chivere amebebwa mabegani na askari wake kama shujaa. Wasikilizaji wakamgeukia Mwinyikombo: ati ni kweli?

"Kweli tupu," alijibu mkalimani. "Tena walipokezana, maana alikuwa mzito."