Sare ya Kijani ya Lujain

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, katikati ya mji wa Amman hapakuwa na pa kukanyaga. Taghrid, mfamasia aliyepewa talaka miaka mitatu nyuma, alijipenyeza kwenye duka la sare na koti lake la buluu, kamshika mkono bintiye Lujain wa miaka minane.

"Hii sare ya kijani pana mno," Taghrid alilalamika.

"Dada, watoto hawaombi ruhusa kukua," alijibu Muhannad, fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni. "Mwaka kesho utanishukuru."

"Nani kakwambia mwaka kesho nitakuja?"

"Macho yako."

Mwanaume ana maneno huyu! Taghrid alicheka hadi akasahau chenji yake. Baridi yote ya mwaka ule simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Bila mimi? Huna hata chembe ya huruma."

Machi, Muhannad akamleta mama yake na wajomba kuposa. Kwao mgeni wa posa haonji kahawa mpaka aambiwe ndiyo. Vikombe vikapangwa. Baba yake Taghrid akamtazama binti yake, binti akatikisa kichwa kukataa. Kahawa ikapoa. Mama yake Muhannad akabeba mkoba wake, akatoka bila kugusa hata tone.

Simu ya Taghrid ikalia kabla vikombe havijaondolewa. Alikuwa Muhannad.

"Umemwaibisha mama yangu! Kama fundi cherehani hakufai, si ungesema?"

"Muhannad, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miezi saba!"

"Nikiolewa na wewe wananinyang'anya Lujain!"

Taghrid akammwagia yote: mama aliyeachika akiolewa na mtu baki, haki ya kumlea mtoto inamtoka. Mama yake mzazi, ambaye angepewa Lujain, alishafariki, kwa hiyo anayefuata ni bibi wa upande wa baba, yule aliyemtoa Taghrid nyumbani kwa matusi. Alitegemea wakili atapata upenyo. Jibu kwamba hakuna upenyo lilikuja asubuhi ile ile ya posa, wageni wako njiani.

"Na baba mtu je? Si ameoa?"

"Kaoa, kaacha, kaoa tena. Nani kamgusa? Nikamuuliza kadhi, 'Hiyo ni aya ipi, sheikh?' Akaniambia sheria ndiyo hiyo, binti yangu."

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu uliomkata Taghrid ulikuwa na meno upande mmoja tu.

"Mpaka lini?" Muhannad aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpaka atimize kumi na tano."

Agosti walirudi dukani. Lujain, sasa wa miaka tisa, alipanda kigodani, mikono kaitanua. Muhannad akapima, akapima tena.

"Kaongezeka vidole vitatu."

"Vitatu tu?" Swali lilimponyoka Taghrid.

Lujain akageuka. "Mama, kwani unataka nikue haraka?"

Taghrid alitamani ardhi immeze. Yeye, mama mzazi, kumbe anamharakisha mwanawe utoto umwishe!

"Imebaki miaka sita," Muhannad alinong'ona, akijifanya anatafuta pini. "Nitasubiri. Nikate pana, ya kukulia?"

"Hapana." Alimrekebishia bintiye kola. "Kata inayomtosha leo. Mwaka kesho tutakuja tena."